Shahidi mahakamani, mtoro kazini: uchambuzi wa kisa cha karani wa stoo

Kisa hiki ni cha kubuni. Sheria zilizotumika kukichambua ni za kweli, na ni za Tanzania Bara. Nimekijenga kwa mambo ya kawaida kabisa, maana hivyo ndivyo wafanyakazi wanavyopoteza kazi kwa sababu ya ushahidi: bila kishindo, kidogo kidogo, mpaka siku barua inapotoka.

Karani wa stoo ameajiriwa na kampuni inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla mjini Morogoro. Ana miaka minne kazini, mshahara wa shilingi 390,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki. Jumamosi moja jioni, akitokea Msamvu, aliona lori likimgonga mwendesha bodaboda aliyekuwa amesimama pembeni mwa barabara. Kijana yule akafa. Askari wa usalama barabarani wakamwandika karani maelezo, akaacha namba ya simu, akarudi nyumbani.

Ikapita miezi saba. Siku moja mwenyekiti wa mtaa akamletea samansi: afike Mahakama ya Wilaya kama shahidi wa Jamhuri katika kesi ya kusababisha kifo kwa kuendesha gari kizembe. Akampelekea msimamizi wake ile karatasi, msimamizi akaitazama, akamwambia, "Nenda, lakini saa sita uwe umerudi." Karani akaenda. Akakaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi. Saa saba wakaitwa ndani, wakaelezwa kuwa wakili wa utetezi ana udhuru, kesi ikapigwa kalenda hadi tarehe 30 Juni. Hakimu akawaonya mashahidi wote wafike siku hiyo bila kukosa. Karani hakupewa karatasi nyingine. Kazini akarudi saa tisa.

Tarehe 30 Juni ndiyo siku kampuni inayofunga hesabu na kuhesabu mali yote iliyoko stoo. Funguo anazo yeye na leja anaiandika yeye. Akamwarifu msimamizi kwa ujumbe wa simu usiku wa kuamkia siku hiyo. Jibu likaja: "Dada yangu, mahakama haikulipi mshahara. Kesho njoo kazini, ni amri." Karani akaacha funguo kwa mlinzi, akaenda mahakamani, akatoa ushahidi wake wa msingi. Muda ukaisha kabla hajamaliza kuhojiwa na wakili wa utetezi, akaamriwa arudi wiki iliyofuata. Akarudi, akamaliza.

Siku iliyofuata alikuta barua mezani: ajieleze kabla ya saa kumi jioni. Saa kumi na nusu akaitwa kwenye kikao cha nidhamu, na mwenyekiti wa kikao alikuwa msimamizi yuleyule. Kabla ya magharibi alikuwa ameachishwa kazi kwa "utoro wa siku tatu na kukaidi amri halali ya msimamizi". Kwenye malipo yake ya mwisho zikakatwa shilingi 45,000. Jambo moja zaidi: lori lililoua lilikuwa la msafirishaji anayebeba saruji ya kampuni hiyohiyo.

Amri dhidi ya amri

Nianze na neno "kukaidi", kwa sababu ndilo lililobeba barua yote. Ukaidi uliokithiri ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007 zinalitaja waziwazi. Lakini ili kuwe na ukaidi lazima kwanza kuwe na amri ambayo mwajiri ana haki ya kuitoa.

Samansi ni amri ya mahakama. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, shahidi aliyeitwa akakaa nyumbani bila sababu anaweza kutolewa hati ya kukamatwa, na anaweza kuadhibiwa. Hivyo msimamizi aliposema "njoo kazini, ni amri", alikuwa anamwamuru mtu aivunje amri ya hakimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeliona hilo. Miongoni mwa sababu ambazo haziwezi kamwe kuhesabiwa kuwa halali za kumwachisha mtu kazi, imeweka ile ya mfanyakazi kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana uwezo wa kisheria wa kumtaka alifanye. Papo hapo imemlinda mfanyakazi anayetumia haki aliyopewa na sheria yoyote nyingine, na yule anayetoa taarifa ambayo sheria inamtaka aitoe. Karani wetu anaingia kwenye kinga ya kwanza na ya tatu bila kulazimisha. Aliyesimama kizimbani kwa samansi na kueleza alichokiona ametoa taarifa ambayo sheria inamtaka aitoe.

Waajiri wengi hushangaa kusikia kwamba njia ya kuomba nafuu ilikuwepo. Kampuni ingeweza kumwandikia mwendesha mashtaka, au mahakama kupitia kwa karani wa mahakama, ikieleza kuwa shahidi huyu ndiye mwenye funguo siku ya kufunga hesabu, na kuomba apangiwe tarehe nyingine au aitwe mapema asubuhi. Hakimu angekubali au angekataa, lakini uamuzi ungekuwa wake. Barua ya namna hiyo ni ya nusu ukurasa.

Tarehe ya pili

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Siku ya kwanza karani alikuwa na karatasi, na tazama ilivyomsaidia: msimamizi hakupenda, lakini alisema nenda. Siku ya pili na ya tatu hakuwa na kitu mkononi. Alikuwa na neno la hakimu tu, na neno la hakimu likifika ofisini kwa mdomo wa karani wa stoo huwa limekuwa ombi la ruhusa. Msimamizi naye, kwa namna anavyoona mambo, ana swali la haki: nitajuaje kama kweli umeamriwa kurudi?

Kwa upande wa sheria swali hilo lina jibu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haimwoni mkosaji yule tu aliyepuuza samansi. Inamhesabu pia shahidi anayeondoka mahakamani bila ruhusa, na yule anayeshindwa kurudi baada ya kesi kuahirishwa hali ameamriwa kurudi. Maana yake onyo la mdomo la hakimu lina uzito uleule wa karatasi ya kwanza. Karani alikuwa amefungwa na tarehe 30 Juni kama alivyofungwa na tarehe ya samansi.

Kwa upande wa ushahidi ofisini, hakuwa na kitu. Na kesi za jinai zikishaanza kupigwa kalenda, shahidi anaweza kwenda mara mbili, tatu, nne. Kila kalenda ni siku moja zaidi ya kuomba ruhusa, na kila mara msimamizi anazidi kuchoka. Nina hakika hapa ndipo mashahidi wanapopotea. Mtu huitikia wito wa kwanza kwa moyo mmoja, wa pili kwa wasiwasi, na wa tatu anazima simu kwa sababu ana watoto wa kulisha. Kesho yake tunasikia kesi imefutwa kwa kukosa mashahidi, tunawalaumu polisi, na hakuna anayeuliza mashahidi wale wameajiriwa wapi.

Kwa hiyo kabla hajatoka kwenye jengo la mahakama siku ya kwanza, karani alipaswa kwenda dirishani kwa karani wa mahakama na kuomba mambo mawili. Samansi yake igongwe mhuri na kuandikwa nyuma kuwa alifika siku ile, saa ngapi ameruhusiwa, na tarehe aliyoamriwa kurudi. Kama kesi inaendelea siku nyingine, apewe samansi mpya au barua fupi. Mwendesha mashtaka anaweza kumsaidia kulipata hilo, kwa kuwa yeye ndiye anayemhitaji shahidi arudi. Kisha angepiga picha ya karatasi na kuituma kwa msimamizi na kwa afisa rasilimali watu siku ileile, akibaki na nakala.

Hapo ndipo lilipo kosa la karani, na silifichi. Tarehe 30 Juni aliijua mapema, akanyamaza hadi usiku wa mwisho. Labda aliogopa, labda alitumaini kalenda nyingine. Lakini mwajiri ana haki ya kuarifiwa mapema ili apange mtu wa kushika stoo. Na kuacha funguo kwa mlinzi, bila kukabidhiana kwa maandishi, kungeweza kumletea tuhuma nyingine kabisa mali ikipungua. Kosa hilo lingestahili onyo. Kufukuzwa ni jambo jingine, na barua ya kampuni haikumtuhumu kwa kuchelewa kutoa taarifa. Ilimtuhumu kwa utoro.

Siku tatu

Tuuchukue utoro wenyewe. Miongozo iliyomo kwenye Kanuni zile za 2007 inazungumzia kutokuwepo kazini bila ruhusa au bila sababu inayokubalika kwa zaidi ya siku tano za kazi. Karani alikosekana siku tatu, zisizofuatana, na moja kati ya hizo alirudi saa tisa na alikuwa ameruhusiwa. Hata tukijifanya hatujui alikuwa wapi, hesabu haifiki. Na tukijua alikuwa wapi, tuna sababu ambayo sijui ni sababu gani nyingine ingekubalika kama hiyo haikubaliki.

Jirani zetu wa Kenya wameliandika kwa maneno mazuri zaidi. Sheria yao ya Ajira ya 2007 inautambua utoro kuwa kosa kubwa pale mfanyakazi anapokosekana bila ruhusa "au sababu nyingine halali". Maneno hayo yanaondoa ubishi wa nani aliruhusu na nani hakuruhusu. Wito wa mahakama ni sababu halali hata bosi akinuna.

Kikao cha nidhamu hakinihitaji kueleza mengi. Mfanyakazi anapaswa kupewa tuhuma kwa lugha anayoielewa na muda wa kutosha kujiandaa, usiopungua saa 48. Huyu alipewa nusu saa baada ya muda wa kujieleza kwisha. Anapaswa kuruhusiwa kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, hakuambiwa. Kikao kinapaswa kuongozwa na kiongozi ambaye hakuhusika na tukio. Kiliongozwa na aliyetoa amri inayobishaniwa. Hata kama kampuni ingekuwa na sababu nzuri kiasi gani, utaratibu huu peke yake ungetosha kuiangusha, na mzigo wa kuthibitisha kuwa uachishaji ulikuwa halali uko kwa mwajiri.

Lori la msafirishaji

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba shida ilikuwa stoo na hesabu. Inawezekana ndivyo. Inawezekana pia kwamba mwenye malori alipiga simu.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina vifungu viwili ambavyo maofisa rasilimali watu wangepaswa kuvijua. Kimoja kinamtia hatiani anayemzuia au kujaribu kumzuia mtu aliyefungwa kisheria kufika na kutoa ushahidi, kwa nia ya kuvuruga haki. Kingine kimo kwenye orodha ya makosa ya kudharau mahakama, nacho kinamtaja kabisa mwajiri: anayemfukuza mtumishi kwa sababu ametoa ushahidi kwa upande fulani katika shauri. Kifungu hicho ni cha tangu enzi za ukoloni, ndiyo maana kinatumia lugha ya mtumishi na bwana wake, lakini bado ni sheria. Kumfukuza shahidi kwa ushahidi wake si mgogoro wa ajira tu. Ni jinai.

Je, karani akimbilie huko? Ningemshauri aende taratibu. Jinai inataka uthibitisho wa juu sana, na neno zito katika kifungu ni "kwa sababu". Kwamba lori lilikuwa la msafirishaji wa kampuni ni dalili, haijawa ushahidi. Kama ana ujumbe wa simu unaoitaja kesi yenyewe, au mtu aliyesikia msimamizi akisema "umetuharibia kwa mteja", basi amwone mwendesha mashtaka wa kesi ile, kwa kuwa jambo linagusa shahidi wake. Kama hana, alitaje kama sehemu ya mazingira katika mgogoro wa ajira, asilifanye nguzo. Nguzo anazo tayari: sababu haikuwa halali na utaratibu haukufuatwa.

Hata hivyo, mwajiri mwenye busara angeliona jambo hili kabla ya yote. Pale anayeshtakiwa ana uhusiano na biashara yako, kila neno unalomwambia mfanyakazi wako kuhusu kwenda au kutokwenda mahakamani linaweza kusomwa kama jaribio la kumnyamazisha, hata kama kweli ulikuwa unafikiria saruji na misumari tu.

Nani anailipa siku ya ushahidi?

Hapa sheria yetu imenyamaza, na ukimya huo unaniumiza. Likizo zilizoorodheshwa ni nyingi: ya mwaka siku 28, ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ya uzazi siku 84, na angalau siku 4 kwa msiba wa ndugu wa karibu au mtoto anapougua. Ya ushahidi haimo. Mkataba wa karani nao haukusema kitu. Kwa hiyo kampuni inaweza kusimama na kusema: hukufanya kazi, hatukulipi. Hoja hiyo ina nguvu kuliko ninavyopenda.

Hesabu yenyewe ni hii. Mshahara wa 390,000 ukigawanywa kwa 4.333 unatoa takriban 90,000 kwa wiki, na kwa siku sita ni 15,000 kwa siku. Siku tatu ni 45,000, ndicho kilichokatwa. Lakini siku ya kwanza alirudi saa tisa akafanya kazi iliyobaki, akakatwa siku nzima. Hilo anaweza kulidai bila kusubiri mjadala wowote wa likizo. Tena kuna tofauti kubwa kati ya kuandika "siku bila malipo" na kuandika "utoro" kwenye karatasi ya mshahara. La kwanza ni suala la fedha. La pili ni doa kwenye faili, na halina msingi.

Mashahidi wa kesi za madai wako mahali pazuri kidogo, kwa kuwa anayeomba samansi itolewe anatakiwa kuweka mahakamani fedha za nauli na gharama za shahidi. Katika jinai gharama hizo ni za serikali. Kwa vyovyote, nauli na posho hazijazi pengo la mshahara.

Huko Marekani, ambako raia huitwa pia kukaa kwenye jopo la kuamua kesi, sheria ya shirikisho inamkataza mwajiri tangu 1978 kumfukuza anayetumikia jopo la mahakama za shirikisho. Kanuni zao za kazi pia zinakataza kumkata mfanyakazi wa kundi la mishahara isiyohesabiwa kwa saa kwa sababu tu alikuwa kwenye jopo au alikwenda kutoa ushahidi, ingawa mwajiri anaweza kutoa kiasi alicholipwa na mahakama kwa wiki ile. Uingereza nayo imewapa kinga wanajopo katika sheria yake ya ajira, lakini shahidi haikumtaja. Kwetu hatuna jopo la namna hiyo. Tuna wazee wa baraza, na maoni yao hayamfungi jaji. Mtu wa kawaida kwetu hukutana na mahakama hasa akiwa shahidi, ndiyo maana ukimya wa sheria kuhusu shahidi unagusa wengi.

Mwajiri hahitaji kusubiri Bunge. Aya moja kwenye kanuni za kazi ingeondoa karibu kila kilichotokea Morogoro. Mfanyakazi aliyeitwa na mahakama kama shahidi atoe nakala ya wito au uthibitisho wa tarehe mpya ndani ya siku moja ya kazi baada ya kuupata. Ruhusa haikataliwi, tarehe ikigongana na kazi nzito, kampuni itaiandikia mahakama. Mshahara unalipwa kwa siku za ushahidi, mfanyakazi anarudi kazini akiruhusiwa mapema, na analeta karatasi yenye mhuri. Ningeongeza kuwa anayekwenda kwa kesi yake binafsi, kama mdai au mshtakiwa, anatumia likizo yake ya mwaka au siku bila malipo kwa makubaliano. Huyo hayuko sawa na mtu aliyepita barabarani akaona ajali.

Anachofanya sasa

Karani ana siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu namba 1 ya Tume. Siku hizo huisha haraka kwa mtu anayetafuta kibarua kingine, na akichelewa itabidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze sababu za kuchelewa. Kabla ya hapo arudi mahakamani na barua ya kuomba uthibitisho kuwa alifika katika tarehe zote tatu; mwenendo wa kesi unaonyesha shahidi alihudhuria lini na aliamriwa kurudi lini. Ujumbe wa msimamizi wa usiku ule asiufute, na asibadilishe simu kabla hajaupiga picha na kuuchapisha. Barua ya kujieleza aliyopewa asubuhi, yenye saa ya mwisho ya kujibu, na barua ya kuachishwa ya jioni yake azibane pamoja, kwa sababu zikisomwa pamoja zinaonyesha zile saa 48 hazikuwepo.

Kwenye fomu aeleze sababu na utaratibu vyote viwili, na aombe kurudishwa kazini kama bado anaitaka kazi ile. Wengi huandika fidia peke yake kwa hasira, kisha wakajutia miaka yao minne. Shilingi 15,000 za siku aliyorudi saa tisa azidai kwa sehemu ile aliyoifanyia kazi, pamoja na likizo yake ambayo haijalipwa na cheti cha utumishi ambacho mwajiri anawajibika kumpa anapoondoka. Siku nyingine mbili azidai pia. Msuluhishi anaweza kumwambia sheria haizitaji, lakini kampuni iliyokaa mezani ikijua makosa yake ya utaratibu inaweza kuzilipa bila ubishi.